Mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kupoa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watu wa aina mbili hapa Mwanza: wanaopeleka mbwa kuogeshwa na kunyolewa, na wanaowaogesha kwa malipo. Nianze na kamba. Mbwa akionyesha meno kidogo tu, kinachofuata mara nyingi ni kamba au kitambaa kuzungushwa mdomoni na kukazwa fundo nyuma ya masikio, kisha kazi inaendelea nusu saa nzima. Kamba hiyo ni hatari kuliko mkasi na mashine.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Sehemu yake ya kutoa jasho ni nyayo, nayo haitoshi. Hupoa kwa kutweta: anaachama, ulimi unaning'inia, hewa inapita juu ya mate na kuondoka na joto. Ukimfunga mdomo umeziba njia hiyo. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Hofu na kupigana na kamba vinalipandisha, jua la mchana linaongeza, na likipita nyuzi 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa wa pua bapa, kama Pug na Bulldog, hufika huko upesi zaidi maana njia yao ya hewa ni finyu tangu kuzaliwa.

Cha kutumia ni kikapu cha mdomo, cha plastiki au cha waya, kinachomruhusu kuachama, kutoa ulimi na kunywa maji akiwa amekivaa. Kama hawezi kuachama ndani yake, ni kidogo mno. Kitambaa kibaki kwa kazi ya dakika moja au mbili, kivulini, mtu wa pili akiwa amemshika. Kikapu nacho azoeshwe nyumbani kwanza. Weka dagaa mmoja mkavu ndani, mwache aingize pua mwenyewe na kuitoa. Rudia mara kadhaa kwa siku, na usifunge mkanda mpaka awe anakikimbilia.

Akianza kutweta kwa nguvu bila kutulia, mate yakawa mazito, fizi zikawa nyekundu sana, akayumba au akatapika, acha kila kitu. Fungua mdomo, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwenye makwapa na katikati ya mapaja huku ukimpepea. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, kwa kuwa linapata moto na kulifungia joto ndani. Kipimajoto kikisoma 39.5 acha kummwagia maji, mkaushe, mwende kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepona. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, na ni ajabu jinsi wengi wanaofanya kazi hii hawana.

Joto hilo huanza hata kabla ya kufika. Mbwa anayeletwa kwa bodaboda ndani ya kiroba, kichwa tu nje, anashuka akiwa ameshachemka. Afadhali bajaji, na mwenye mbwa akae naye nyuma. Miadi iwe saa moja hadi saa tatu asubuhi. Asile chakula kizito kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya miadi, ila maji apewe, na atembezwe ajisaidie kwanza.

Maji yenyewe yana mtego wake. Simtanki jeusi na mpira uliolala juani hutoa maji ya kwanza yenye moto wa kuunguza ngozi, na mbwa hana namna ya kukwambia. Yaache yamwagike kwanza, kisha jaribu kwa kiwiko kama unavyofanya kwa mtoto mchanga. Ndani ya beseni tandika mkeka wa mpira au gunia lililolowa. Mbwa wengi wanaosemekana wanaogopa maji wanaogopa utelezi: kucha hazishiki, miguu inatawanyika, anaanza kupanda ukuta. Anza na miguu, panda mabegani na mgongoni, uso uwe wa mwisho na kwa kitambaa. Sabuni ya unga na ya kufulia ni kali mno kwa ngozi yake. Tumia shampuu ya mbwa, na suuza mpaka maji yatoke safi kabisa, maana mabaki ya shampuu ndiyo yanayomfanya ajikune wiki nzima. Masikio yakaushwe vizuri. Draya ya saluni iwekwe kwenye joto la chini, mkono wako ukiwa kati ya upepo na ngozi, na mbwa asiachwe peke yake mbele yake.

Ziwani asipelekwe. Ufukwe wetu una kichocho, nacho kinampata mbwa na zaidi kinampata kijana anayesimama majini hadi magotini kumshika.

Kwa Japanese Spitz na wenzake wa manyoya marefu, manyoya yaliyosokotana yachambuliwe kabla ya maji, kwa sababu fundo likilowa hukaza. Hukaa nyuma ya masikio, makwapani na chini ya mkanda wa shingo. Shika fundo kwenye shina ili ngozi isivutike, chambua kutoka nchani kwa vidole, kisha chanuo. Usilikate kwa mkasi: ngozi huwa imevutwa na kuingia ndani ya fundo, unaikata bila kuiona. Likishindikana tumia mashine, na kila baada ya dakika chache gusisha wembe wake kwenye mkono wako. Ukikuchoma wewe, yeye umeshamchoma. Na msiwanyoe Spitz upara kwa kuwahurumia joto. Manyoya yale ndiyo kivuli cha ngozi yao.

Kucha nyeusi zikatwe milimita moja au mbili kwa mara moja. Tazama uso wa mkato: ukiona kidoti cheusi chenye unyevu katikati, simama, nyama yenye mshipa iko hapo hapo. Ikitoka damu, kandamiza kwa unga wa ngano dakika tano bila kufungua kutazama.

Kuhusu dawa ya kupe nitasema kwa ukali. Dawa ya josho la ng'ombe haipimwi kwa kifuniko wala kwa macho. Yenye amitrazi, kemikali ya kuua kupe, ikizidi, mbwa anasinzia, mapigo ya moyo yanapungua, anaweza kufa. Pima kwa bomba la sindano kulingana na maelekezo ya lebo au ya daktari, na watoto wa mbwa usiwaguse nayo. Yenye permethrini, kemikali nyingine ya kuua wadudu, huua paka, kwa hiyo kama nyumbani kuna paka atengwe mpaka mbwa akauke. Vidonge vya usingizi vya binadamu ili mbwa atulie ni marufuku. Kumtuliza kwa dawa ni kazi ya daktari wa mifugo peke yake.

Mwogeshaji naye aombe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kugusa mnyama. Aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, mbwa husema kabla ya kunguruma. Hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, mkia unaingia katikati ya miguu. Halafu anakauka, hatikisiki hata sikio. Wengi hudhani hapo ametulia, kumbe ndiyo hatua ya mwisho kabla ya meno. Ukifika hapo toa mkono, rudi nyuma, mwache dakika kumi. Kama ni kucha, fanya miguu miwili leo na miwili keshokutwa. Na wewe mwenye mbwa, ukiambiwa kazi haikuisha kwa sababu mnyama aliogopa, lipa ya leo na mpange siku ya pili.

Mwogeshaji wa mbwa,
Ilemela, Mwanza