Samadi yetu ina zaidi ya gesi na mbolea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu samadi. Siku hizi kila penye kikao cha wafugaji huku Pemba hupatikana mtu wa kuzungumzia mitambo ya gesi ya kinyesi cha ng'ombe, na mimi ni mmoja wa wanaoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mazungumzo huishia palepale: moto jikoni, mbolea shambani, basi. Kuna kitu cha tatu ndani ya tangi la mtambo, yaani asidi, ambacho sijasikia mtaalamu wetu akikitaja, nacho kwa soko la dunia kinaweza kuwa na bei nzuri kuliko gesi yenyewe.

Kinyesi kikifungiwa pasipo hewa hakigeuki gesi moja kwa moja. Kwanza vijidudu huvunjavunja mabaki ya majani ambayo tumbo la ng'ombe halikuyamaliza. Kisha kundi jingine huyageuza mabaki hayo kuwa asidi: asidi ya siki, ileile iliyomo katika siki ya nazi, asidi ya propioniki, na asidi ya butiriki, ambayo ndiyo inayoipa samli iliyoharibika harufu yake. Baada ya hapo zile nyingine hugeuzwa kuwa ya siki, ndipo kundi la mwisho huila na kutoa methani, gesi inayowaka. Kwa hiyo gesi tunayowasha jikoni kwa sehemu kubwa ni asidi zilizokwisha kuliwa.

Watoa asidi wana haraka, huzaliana kwa saa au siku moja. Watoa methani ni wazito, wanahitaji siku nyingi, na wanataka tope lisilo chachu, pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) ya karibu 7. Ndiyo maana mtambo wa gesi hukaa na kinyesi mwezi mzima au zaidi. Ukilitoa tope baada ya siku chache tu, na ukaliacha lichachuke mpaka pH ya 5.5 au 6, watoa methani hulemewa na asidi hubaki bila mlaji.

Haya niliyaona kwa jirani yangu mmoja hapa Wete. Msimu wa maembe alimimina kwenye mtambo wake maembe yaliyooza na maganda ya muhogo, ndoo kwa ndoo, akitaraji gesi zaidi. Baada ya siku chache jiko likawa haliwaki: unasogeza kiberiti, mwali unashika, unaruka juu ya matundu, unazimika. Mwalimu wa sayansi wa skuli ya jirani alikuja na karatasi za litmasi za kupimia asidi, akachovya ya buluu kwenye tope la shimo la kutolea, ikawa nyekundu hapohapo. Harufu haikuwa ya mavi tena. Ilikuwa kali, ya siki na samli mbovu, inayoshika nguo. Fundi akasema mtambo umechacha, msiulishe kwa muda, tieni chokaa kidogo na samadi mpya, subirini. Ni ushauri sahihi kwa anayetaka gesi. Ila mimi nilibaki nikiitazama ile karatasi nyekundu, kwa sababu kwa anayetaka asidi hapo ndipo pa kuanzia.

Na wanaozitaka wapo. Asidi ya siki huingia katika gundi, rangi na viwanda vya nguo, na leo sehemu kubwa ya ile ya viwandani duniani hutengenezwa kwa methanoli inayotokana na gesi asilia au makaa ya mawe. Ya propioniki huzuia ukungu katika chakula cha mifugo. Wala kuchachusha pasipo hewa kwa ajili ya kemikali si jambo geni: katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipopungukiwa na asitoni ya kutengenezea baruti, mkemia Chaim Weizmann aliipata kwa bakteria waliolishwa nafaka. Kwa upande wa samadi hasa, Mark Holtzapple wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wenzake walichachusha kinyesi cha kuku pamoja na makapi ya miwa wakapata mchanganyiko wa asidi.

Katika kazi ile ya Texas kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa visiwani. Asidi zikizidi huwadhuru hata bakteria waliozitengeneza, kwa hiyo huwekwa kitu cha kuzituliza, nacho ni kalsiamu kaboneti, yaani unga wa jiwe la chokaa. Nani atatuuzia jiwe la chokaa sisi, watu wa Makunduchi na Micheweni, tunaolima juu ya matumbawe? Tena halihitaji kuchomwa kwenye tanuu na kumaliza kuni. Husagwa tu likiwa bichi. Asidi ikikutana na unga huo hufanya chumvi. Chumvi ya asidi ya siki ikikaushwa na kupashwa moto mkali, nyuzi mia nne hivi, hutoa mvuke wa asitoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na kinachobaki chini ni kalsiamu kaboneti tena, tayari kurudi tangini.

Ugumu upo. Asidi hutoka zikiwa zimezimuliwa mno, gramu chache katika lita ya maji machafu, na kuzichemsha kama tunavyokeneka mafuta hakusaidii, maana asidi ya siki huchemka kwa nyuzi 118, juu kidogo tu ya maji, na kuyageuza mvuke maji yote hayo ni gharama isiyolipa. Hapa ndipo wengi walipokwama. Njia inayonipa matumaini ni ya kuzirefusha asidi. Yupo bakteria aitwaye Clostridium kluyveri ambaye akipewa asidi ya siki pamoja na spiriti ya pombe huziunga kuwa asidi ndefu zaidi, ya kaproiki, yenye kaboni sita. Wapo na jamaa zake wanaofanya kazi hiyo kwa asidi ya laktiki badala ya spiriti, na hiyo ya laktiki hujitengeneza yenyewe maganda ya ndizi na maembe yakichachuka. Kaproiki inanuka beberu, lakini haipendani na maji: zaidi ya gramu kumi hivi kwa lita, maji yakiwa chachu vya kutosha, hujitenga na kuelea juu kama mafuta, ikachotwa. Hutumika katika manukato na vionjo, na katika chakula cha kuku na nguruwe huko nje kwa kupunguza vijidudu vya tumboni.

Nasema Pemba ndipo pa kujaribia kwa sababu moja kubwa. Kiwanda cha Wawi kinakeneka mafuta ya makonyo. Makonyo ni vijiti tu, karafuu ikishachambuliwa hubaki barazani, lakini ndani yake mna yujinoli inayotafutwa na watengenezaji wa dawa za meno na manukato. Mtoto wa Kipemba hahitaji kuelezwa kwamba kilichobaki kinaweza kuwa bidhaa. Pale Wawi wapo watu wanaojua boila, kipozeo na upimaji wa mafuta. Hatuanzi sufuri, na joto letu la mwaka mzima linatosha tangi bila kulipasha moto, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hulilipia.

Mfugaji mwenzangu ataniuliza: na migomba yangu nitaitia nini? Uchachushaji huondoa kaboni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hubaki kwenye tope, na likishatulizwa kwa chokaa hurudi shambani. Wala sitaki mwenye ng'ombe wawili anyimwe moto wake. Matangi yawe mawili, la kwanza dogo la asidi, la pili la gesi; sehemu ya maji ya la kwanza ichujwe, iliyobaki iende kulisha la pili.

Kwa ndugu zetu wa Unguja wenye mabanda ya kuku, jambo hili lina uzito zaidi. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi mno, hutoa amonia inayowalemea watoa methani, kwa hiyo peke yake ni malisho mabaya ya mtambo wa gesi. Watoa asidi huvumilia zaidi. Leo mbolea ile na maranda yake hurundikwa nyuma ya banda, mvua za masika zinakuja, na jiwe letu la matumbawe halichuji kitu: kilicho juu hufika kisimani. Hili linanisumbua kuliko hata suala la pesa.

Ninachoomba ni kidogo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume wawape wanafunzi wao wa kemia mapipa machache ya lita 200, samadi ya ng'ombe katika baadhi, ya kuku na maganda katika mengine, unga wa matumbawe, na vifaa vya kupima pH na asidi kila siku. Wizara inayosimamia mifugo igharimie vipimo, na Wawi waalikwe tangu mwanzo, wasije kuitwa siku ya uzinduzi. Mapipa yakae mahali pa wazi, na mtu asiingize kichwa ndani, kwa sababu gesi ya hidrojeni salfaidi inaua, na ikiwa nyingi pua huacha kuisikia. Matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya, tujue kilo ya samadi imetoa gramu ngapi za asidi na kuzitenga kumegharimu shilingi ngapi.

Samadi ya majaribio wasiinunue. Wafugaji wa huku tutaileta wenyewe kwa gari za ng'ombe mpaka watakapotuelekeza.

Wako,
Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Wete, Kaskazini Pemba