Kwa makocha wa ngumi na vijana wa jimu: anayejinyima chakula anaweza kuwa mgonjwa

Wanangu,

Nimestaafu uuguzi, lakini jioni bado napita kwenye mazoezi ya ngumi, na kuna jambo mnalolisifu ambalo siwezi kulinyamazia. Siku ya kupima uzito ikikaribia, bondia anaacha kula, anakimbia juani amejifunika nailoni, anatema mate ili kilo zishuke, nanyi mnasema ana nidhamu. Hilo peke yake lina hatari. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakishusha kilo, na kanuni za mchezo wao zikabadilishwa. Ila ninayetaka mumtazame zaidi ni yule ambaye pambano limekwisha, hakuna anayempima, na bado hali chakula.

Huyo huenda ana ugonjwa wa ulaji. Yuko anayeogopa kunenepa hata amebaki mifupa. Yuko anayemaliza sufuria ya wali kwa siri, kisha anajitapisha au kunywa dawa za kuharisha. Na huko jimu yuko mwenye kifua kipana ambaye akijitazama kwenye kioo anajiona kimbaumbau: anafanya mazoezi akiwa na jeraha, na harusini hagusi pilau kwa sababu hajui imepikwa na mafuta kiasi gani.

Mtasema haya ni maradhi ya wasichana. Hata madaktari walichangia dhana hiyo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliweka kukosa hedhi kuwa kigezo kimoja cha anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, hadi kilipoondolewa mwaka 2013. Kwetu, mwanamume akikonda watu wananong'ona kwamba ana ngoma au amerogwa. Anapimwa virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, jambo ambalo ni sahihi, lakini majibu yakiwa mazuri anarudishwa nyumbani bila kuulizwa anakulaje.

Msimwambie "kula tu, wewe mwanamume". Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana wa kiume 36 waliokataa kupigana vita walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili wataalamu wajue namna ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walichaguliwa kwa uzima wa mwili na akili. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi, wanaramba sahani, wanakasirika na kujitenga. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula bila kuona shibe. Njaa ya muda mrefu huibadili akili, kwa hiyo kijana aliyefika hapo hawezi kutolewa kwa kukemewa.

Nyinyi makocha mnamwona kila siku kuliko mama yake. Angalieni anayekwenda chooni kila amalizapo kula, mwenye sugu kwenye vifundo vya vidole anavyoingiza kooni ili atapike, meno yaliyolika, mashavu yaliyovimba, anayehisi baridi wenzake wakitoka jasho. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu mwilini, madini yanayousaidia moyo kupiga, na moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa kijana anayeonekana ana nguvu.

Mwite pembeni. Usizungumzie umbo lake, hata kwa kumsifu. Mweleze ulichokiona, kisha mwambie, "Twende hospitali, nitakaa nawe." Kama amekaa muda mrefu bila kula, msimshindilie chakula kingi kwa huruma: mwili uliodhoofika ukilishwa ghafla unaweza kuzidiwa hadi kufa, hivyo daktari atangulie. Akizimia, moyo ukimwenda mbio, au akitaja kufa, mpelekeni siku hiyohiyo. Vinginevyo anzeni hospitali ya mkoa, mwulizie huduma ya afya ya akili; kwa rufaa zipo hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma.

Nawe kijana unayejificha: John Prescott, aliyefanya kazi melini kabla ya kuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza, alieleza hadharani mwaka 2008 kwamba kwa miaka aliugua bulimia, ule ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwambie leo.

Makocha, mkiwa na mgonjwa wa namna hii, ahirisheni pambano lake mpaka daktari amruhusu, na mwambieni promota ni kwa sababu za kiafya. Kijana hadaiwi maelezo mengine.

Wasalaam,
Mzee wenu, muuguzi mstaafu, Dar es Salaam