Takwimu za zahanati zirudi na kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie viongozi wa afya mkoani Kigoma ombi lisilohitaji bajeti mpya: kila zahanati ibandike ukutani takwimu zake za mwezi, na mtendaji wa kijiji azisome kwenye mkutano mkuu, pale pale anaposoma mapato na matumizi.

Takwimu zipo. Kila mgonjwa huandikwa katika daftari la MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya): umri, jinsia, anakotoka, majibu ya vipimo, ugonjwa. Mwezi ukiisha wauguzi hujumlisha, na kazi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Taarifa huenda wilayani, huingizwa kwenye kompyuta, na wizara huiona. Sisi wenye wagonjwa hatuioni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati hushiriki kuamua matumizi yake. Tutaamuaje vizuri bila kujua ni ugonjwa gani umeongezeka, na umeongezeka kitongoji gani?

Chukua malaria. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta Kigoma karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano ana vimelea, wakati kwa Tanzania Bara nzima hawakufika 8 katika kila 100. Lakini utafiti kama huo hupita miaka ndipo urudiwe, nao husema habari za mkoa mzima. Daftari linajua kitongoji. Likionyesha baada ya mvua kwamba watoto wengi wanatoka upande mmoja wa kijiji, tunajua pa kupeleka vyandarua na madimbwi yapi ya kufukia.

Namba hizi zisibandikwe bila maelezo. Wagonjwa wa malaria wakionekana kuongezeka, huenda kilichoongezeka ni vipimo, baada ya kukosekana mwezi uliotangulia. Na anayetibiwa duka la dawa hayumo kabisa daftarini. Mganga mfawidhi asimame awaeleze watu hayo kwa lugha nyepesi, watamwelewa.

Kwa kipindupindu hata kusubiri mwisho wa mwezi ni kuchelewa. Mei 2015 kililipuka Kagunga, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamejazana ufukweni, na watu zaidi ya 30 wakafariki mkoani. Mgonjwa akishukiwa, kituo hutakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Basi siku hiyo hiyo vijiji jirani vya ziwani navyo viambiwe, ili kila nyumba ichemshe maji.

Kuhusu siri za wagonjwa, msimamo wangu ni mkali: hakuna jina litakalotajwa, na magonjwa kama UKIMWI yasitolewe kwa kitongoji, kwani katika kijiji kidogo hesabu ya watu wawili inatosha kumfichua mtu.

Waganga wakuu wa wilaya waanze na mambo matatu tu: malaria kwa watoto, kuhara, na akina mama waliojifungulia kituoni. Mvua huanza Oktoba. Karatasi ya kwanza iwe ukutani kabla ya hapo.

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Kigoma Vijijini