Picha ya Mama

Kihesa, Iringa

Shoga yangu,

Salamu zako kutoka Mwanjelwa zimefika, pamoja na picha ya marehemu mama. Nimeipeleka kwa yule fundi anayechora sura za watu. Hakusomea popote, alianzia kwenye mabango ya vinyozi, na mpaka leo anatumia rangi zilezile za mafuta za kopo, juu ya hadibodi.

Uliniuliza kwa nini nakukataza kuikuza tu studio. Ni kwa sababu ya ngozi. Huyu fundi haweki rangi nyeusi usoni hata kidogo, maana anasema ikiingia kwenye kahawia uso unapauka kama jivu. Anapaka kwanza uso mzima wekundu wa udongo, anauacha ukauke kabisa. Juu yake anapitisha kahawia aliyoizimua sana kwa tapentaini, wekundu ukabaki unachungulia kwa chini. Kisha mkono mwingine wa rangi, na mwingine. Chini ya kidevu na pembeni mwa pua anaweka buluu nzito. Kwenye paji na mashavu, njano kidogo. Ukirudi nyuma hatua chache, rangi zote hizo zinapotea na unamwona mtu mweusi, mzima, anayekutazama. Mimi sijaona picha ya studio inayofanya hivyo.

Usimharakishe. Rangi ya kopo ikipakwa nene hushika juu huku ndani bado mbichi, ikajikunja. Na ukipitisha ya pili kabla ya wakati, tapentaini inaamsha ya chini zote zikawa tope. Na baridi yetu unaijua.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, naye alianza mwaka 1968 Dar es Salaam bila shule ya uchoraji, kwa rangi na hadibodi kama hizi. Ila yeye alipaka bapa, rangi moja kavu kando ya nyingine, na kwa ndege na chui inapendeza mno. Uso wa mzazi nautaka kwa namna ya huyu wa Kihesa.

Sasa kuna jambo. Picha uliyotuma haina rangi, naye hataki kubahatisha mkono wa kwanza. Anauliza: mama alikuwa maji ya kunde, au mweusi wa kukoza? Mimi nilimfahamu akiwa tayari mgonjwa. Muulize mama mkubwa wa Uyole, wamekua pamoja. Umuulize na kile kitambaa cha kichwani kilikuwa cha rangi gani.

Nijibu mapema, Jumamosi nitampitia nikitoka sokoni.

Rafiki yako