Rozela yako inatoka zambarau? Kagua maji, sufuria na moto

Malalamiko tunayoyapata zaidi kwa wanaonunua rozela kavu, au choya kama wengine mnavyoiita, ni juisi kutoka zambarau au kahawia badala ya nyekundu. Wengi hudhani wameuziwa mzigo wa zamani. Inawezekana, ila mara nyingi kosa liko jikoni.

Wekundu ule ni wa anthosiani, ambazo ni kundi mojawapo la flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea. Kwenye rozela zimetawala mbili, za delfinidini na za sianidini, kila moja ikiwa imebeba sukari iitwayo sambubiosi. Rangi yake hufuata uchachu. Rozela ina asidi zake yenyewe, kwa hiyo juisi iliyokolea huwa na pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) inayokaribia 3 au chini yake, na hapo huwa nyekundu kabisa. Uchachu ukipungua rangi hupauka, halafu huingia zambarau na buluu. Ukizidisha magadi huwa kijani. Jaribu kwenye kikombe: juisi vijiko viwili, kisha maji ya magadi tone kwa tone.

Ndiyo maana maji ya kisima yenye chumvichumvi yanaharibu rangi. Bikaboneti iliyomo, chumvi ya jamii ya magadi, humeza asidi. Tumia maji ya mvua au ya chupa, au kamulia ndimu. Lakini ndimu iwe wakati wa kunywa, si kwenye chupa utakayoiweka siku kadhaa, kwa sababu vitamini C huharakisha kuvunjika kwa anthosiani.

Sufuria nayo. Delfinidini hung'ang'ania madini, hasa chuma na alumini, na ikishayashika rangi hugeukia ubuluu. Asidi ya juisi inayakwangua yenyewe kutoka kwenye chombo. Hata sufuria ya enameli iliyobanduka sehemu ndogo tu inatosha kuleta weusi. Tumia stili isiyoshika kutu au kioo.

Kisha moto. Kuchemsha nusu saa hakutoi "nguvu" zaidi, kunaleta ukahawia. Kwa lita 1 tumia gramu 30. Suuza haraka kwa maji baridi, usiloweke, maana rangi itamwagika na maji hayo. Chemsha maji, epua, tia rozela, funika dakika 15, chuja kwa kitambaa. Tangawizi ichemshwe peke yake kwanza. Juisi ikae kwenye friji, iishe ndani ya siku 3. Rozela kavu ikae gizani, imefungwa. Ile mitungi ya kioo dirishani inapendeza, lakini inapausha mali.

Sasa swali la dawa: je, rozela inatibu presha? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Vikombe vitatu vya chai ya rozela kwa siku, kila kimoja gramu 1.25 kwa mililita 240, kwa wiki 6, vilishusha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa 7.2, waliopewa kinywaji cha kulinganishia walishuka 1.3. Ni matokeo mazuri, ila hiyo ilikuwa chai, si juisi iliyojazwa sukari. Tena anthosiani zinazoingia kwenye damu zikiwa nzima ni chini ya asilimia 1. Nyingi huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo, na huenda vipande hivyo ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa hiyo paketi zetu hatuziandiki "dawa ya presha", na hatutaziandika.

Anayemeza dawa za presha azungumze na daktari kwanza, isije ikashuka kupita kiasi. Mjamzito aiache. Mwenye vidonda vya tumbo asinywe tumbo likiwa tupu.

Na je, rozela inaongeza damu? Wekundu wa rozela si wa chuma. Kemikali kama anthosiani hukishika chuma, kama zilivyofanya kwenye sufuria, kwa hiyo aliyeandikiwa vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji, rozela ifuate baada ya saa mbili.