Mhariri, mpaka wa kocha na therapi sio huo mliouchora

Mhariri salamu. Nimesoma makala yenu inayosema therapi inaangalia ulikotoka na kocha wa maisha anaangalia unakokwenda, nikaona nisinyamaze maana hiyo sentensi ndo iliyonipoteza mimi karibia mwaka mzima.

Nilikua nimechoka, sio uchovu wa kazi, ule wa kuamka nao. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi, simu za watu sipokei, vitu nilivyokua navipenda naviona kama vya mtu mwingine. Nikajiambia mi utotoni nililelewa vizuri, sina cha kwenda kuchimbua huko, shida yangu ni malengo tu, kwaiyo ninayemuhitaji ni kocha. Nikampata, mtu mzuri na sina ugomvi nae, kila wiki tunapanga, andika malengo matatu, amka saa kumi na moja, mazoezi, hiki kiwe kimeisha kabla ya Ijumaa, na mi kwenye kikao nakubali kila kitu alafu nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza linaingia. Wiki inayofuata naulizwa umefikia wapi, nadanganya. Yani nilikua natoa hela yangu ili nipate mtu wa kumdanganya! Na kila lengo lililonishinda nikaliweka kwenye faili la ushahidi kwamba mi ni mvivu.

Dada yangu ndo alinivuta kwa daktari. Akapima damu kwanza maana tezi ya shingo ikilegea inaleta uchovu na huzuni hivyo hivyo, ikaonekana iko sawa, akanipa karatasi ya maswali tisa, kila swali unajipa 0 mpaka 3, jumla 27, na kuanzia 10 daktari anaanza kukuangalia vizuri. Mi nilipata 17. Siku hiyo ndo nikasikia neno sonona, yani ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, likitajwa na mimi nikiwa ndani ya chumba.

Sasa mhariri hapa ndo nataka mnisikie. Mwanasaikolojia niliyepelekwa kwake hakuniuliza habari za mama yangu wiki ya kwanza wala ya tano. Aliniuliza jana saa nne asubuhi ulikua unafanya nini. Anatumia tiba ya fikra na tabia, wengi wanaiita CBT, iliyoanzishwa na Aaron Beck, daktari wa Marekani, miaka ya 1960, na Beck mwenyewe alikua amesomea ile njia ya Freud ya kuchimba utotoni, akaja kuona kinachowaumiza wagonjwa wake ni mawazo yanayowapita kichwani sasa hivi bila hata wao kuyashtukia. Kazi za nyumbani nilipewa pia, ila ndogo mpaka unaona aibu kumsimulia mtu: oga, toka nje dakika kumi, andika umejisikiaje. Nikishindwa, huko kushindwa ndo kunakua mada ya kikao, kwaiyo uongo hauna kazi. Mpaka wa jana na kesho mliouchora haupo hapo.

Mpaka ninaouona mi ni kama ulichokipanga mwili na akili vinakubali kukifanya. Shemeji yangu alikua anakula, analala, anacheka, ila hajui aache ajira aanze biashara au abaki. Nikamsukuma nae aende kwa mwanasaikolojia (mtu akianza kupona anageuka mhubiri), vikao viwili tu akaambiwa hapa sioni ugonjwa, akatafuta kocha, miezi mitatu ikamtosha. Kwaiyo sisemi makocha ni matapeli.

Ila nchi nyingi mwanasaikolojia anatakiwa awe na leseni, wakati jina la kocha wa maisha halilindwi na sheria yoyote, ukiamka kesho ukajiita hivyo hakuna wa kukukamata. Lipo shirikisho lao la kimataifa, ICF, tangu 1995, cheti chake cha ngazi ya chini kinadai saa 100 za kazi na watu na cha juu kabisa 2,500, lakini kujiunga ni hiari, na kanuni zake zenyewe zinamtaka kocha amuelekeze mteja kwa mtaalamu mwingine pale inapobidi. Muulize basi kabla hujamlipa: mara ya mwisho kumwambia mteja mimi sikuwezi nenda kwa daktari ilikua lini? Kocha wa mpira akiona mchezaji kashika paja anaita daktari wa timu, hamwambii ongeza mbio. Wangu hakuwahi hata siku moja kuniuliza nalala saa ngapi.

Mkiandika tena hii mada wekeni na hili: huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki mbili, anza na daktari, na kama umeanza kuwaza kufa hizo wiki mbili usizisubiri, mwambie mtu leo na utafute msaada leo leo.

Na kocha wangu kama unasoma gazeti hili, yale malengo ya mwezi wa tatu niliyokwambia nimeyamaliza, sikugusa hata moja.

Msomaji wenu wa siku nyingi