Mwanangu, Rawalpindi Imeshikana na Islamabad

Mwanangu,

Assalam alaikum. Habari ya kupangiwa ubalozi wetu wa Islamabad nimeipata kwa shangazi yako, aliyeipata kwako. Haya. Nimefurahi, na mtaa mzima umeshajua, hata wasiouliza. Lakini nimetazama ramani, na Rawalpindi imeshikana kabisa na Islamabad. Huko usikanyage siku ya mkutano wa siasa.

Usiniambie hayo ni mambo ya kale. Liaquat Ali Khan, waziri mkuu wa kwanza wa Pakistani, alipigwa risasi Rawalpindi tarehe 16 Oktoba 1951, kwenye bustani, ndiyo kwanza anaanza kuhutubia. Bustani ikapewa jina lake. Desemba 2007 Benazir Bhutto, aliyewahi kuwa waziri mkuu wao, akahutubia papo hapo, na wakati wa kuondoka akachomoza kichwa juu ya gari kuwapungia watu. Akauawa. Mahali pamoja! Na wewe kila kitu lazima ukione kwa macho yako.

Mjane wa Liaquat ndiye ninayetaka umsome kabla hujaondoka, Ra'ana Liaquat Ali Khan. Kabla ya kuolewa alifundisha uchumi Delhi. Wakimbizi walipomiminika mwaka 1947, Pakistani ilipotengwa na India, aliwatoa wanawake majumbani waje kuuguza na kugawa chakula na nguo, jambo ambalo wengi hawakulipenda hata kidogo. Mwaka 1949 akaanzisha APWA, chama cha wanawake wa Pakistani nzima, kilichofungua shule na zahanati. Mumewe alipouawa alibaki na wavulana wawili. Mwaka 1954 akapelekwa Uholanzi, balozi wa kwanza mwanamke wa nchi yake, kisha akawa Italia na Tunisia. Mwaka 1973 Zulfikar Ali Bhutto, babake Benazir, akamfanya gavana wa Sindh, mkoa wenye Karachi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa gavana wa mkoa wowote kule kabla yake. Na mwaka 1978 Umoja wa Mataifa ukampa tuzo ya haki za binadamu.

Mimi nikisoma hayo najiuliza nani alikuwa na wale watoto usiku, mama akiwa kwenye karamu za mabalozi. Mamako anasema swali hilo sijawahi kuliuliza kuhusu balozi mwanamume. Huenda. Anasema pia ni mimi niliyesema kazi hii si ya msichana. Ninavyokumbuka nilisema ni kazi ya kukaa mbali na nyumbani, na karo nililipa.

Kwenye kikao usingoje wanaume wamalize ndipo useme. Kwangu hukunyamaza, kwao utanyamazaje? Chai wanayokunywa huko nyingi ni yetu, hakuna nchi inayonunua chai ya Kenya kuishinda Pakistani, na mifuko ya kwenda Karachi imepita mikononi mwangu pale Shimanzi, Mombasa, mpaka nikastaafu. Ukiulizwa jambo la chai ukalikosea, usimtafute mtu wa Nairobi, nipigie mimi.

Lakini mkutano wa hadhara, hata wakikuambia kuna ulinzi, hata mkubwa wako akisema ni kazi, wewe shikwa na homa siku hiyo. Ra'ana mwenyewe alifariki mwaka 1990 akiwa mzee, kwa maradhi. Hivyo ndivyo ninavyotaka na wewe, baada yetu.

Chukua koti zito, Desemba huko kuna baridi hasa. Nyanyako anataka shali ya sufu, ameshachagua na rangi, utaelezwa. Chumba chako analala binamu yako anayefanya mtihani, vitabu vyako viko ndani ya sanduku chini ya kitanda, usianze kulalamika. Tangi la juu limepasuka na tunanunua maji ya mkokoteni, bei imepanda tena. Fundi hataki kuanza bila nusu mkononi. Ukiweza, tuma kabla ya mwezi kuisha, na umtumie mamako, simu yangu inasumbua.

Babako